Wanaongoja Jina Lidondoke

Mwishoni mwa Desemba 2020, Fredrik Almroth, Msweden na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya usalama wa mitandao iitwayo Detectify, alikuwa akipitia orodha ya seva zinazobeba majina ya nchi kwenye intaneti. Kila nchi ina herufi zake mbili: Tanzania .tz, Kenya .ke, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo .cd. Nyuma ya herufi hizo zimesimama seva chache ambazo kazi yake ni kuelekeza tu: anayetafuta tovuti ya benki ya Kinshasa au chuo cha Lubumbashi apite wapi. Baadhi ya seva za .cd zilikuwa zimewekwa chini ya jina scpt-network.com, lenye kifupi cha shirika la posta na simu la nchi hiyo. Almroth akaona hali ya jina hilo imebadilika. Muda wake ulikuwa umekwisha na hakuna aliyelilipia.

Asingeweza kulinunua siku ile hata kama angekuwa na pesa za kumwaga. Jina la .com likiisha muda halifi papo hapo. Msajili, yaani kampuni iliyomuuzia mteja, anaweza kulishikilia hadi siku 45, na ndani ya siku hizo mwenyewe hulipa bei yake ya kawaida mambo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akizidi kulala, msajili huomba lifutwe, na jina huingia katika siku 30 za kukombolewa. Hapo bado mwenyewe anaweza kulirudisha, ila kwa faini: Verisign, kampuni ya Marekani inayotunza daftari kuu la .com, humtoza msajili dola 40, naye msajili humgeukia mteja na kumdai 80, 100, wakati mwingine zaidi. Siku 30 zikipita zinabaki tano za mwisho, na katika siku hizo tano hakuna mtu, hata mwenye jina akija na risiti zote mkononi, anayeweza kufanya lolote. Jina liko kwenye foleni ya kufutwa. Kisha linafutwa, na tangu sekunde hiyo ni la yeyote atakayewahi.

Almroth aliijua hesabu hiyo. Akaandaa programu ya kulichungulia jina mfululizo, lisije likapita bila yeye kujua, na mapema Januari 2021 lilipokuwa wazi akalisajili. Kwa ada ya kawaida ya kusajili kikoa, yaani jina la intaneti, mtu mmoja akawa ameshika karibu nusu ya maombi yote yaliyokuwa yakielekea .cd, herufi za nchi yenye watu wapatao milioni 90. Angeweza kuwapeleka watu kwenye kurasa bandia, kujipatia vyeti vya usalama vya tovuti za wenzake, au kupokea baruapepe zisizomhusu. Hakufanya hivyo. Maombi yale aliyaacha bila jibu, yakawa yanageukia seva za upande wa pili, zilizokuwa zikiendeshwa Afrika Kusini na zilizokuwa nzima. Akawaandikia wasimamizi wa .cd. Nao hawakuhangaika kulidai jina la zamani. Walihamishia seva zao kwenye scpt-network.net, na shughuli zikaendelea.

Hakuna mfanyabiashara ambaye angelichagua scpt-network.com kuwa jina la duka lake. Ni refu, halitamkiki, na halimwambii mtu chochote. Thamani yake yote ilikuwa kwamba mashine zisizohesabika zilikuwa zimekwisha zoea kuuliza pale, na zingeendelea kuuliza bila kujali nani anajibu. Mtu anayekimbilia kikoa kilichokwisha muda anakimbilia mazoea ya namna hiyo: viungo vilivyowekwa na watu wengine, barua ambazo bado ziko njiani, imani ambayo haikujengwa na yeye. Wakati mwingine anajua hivyo. Mara nyingi anadhani anatafuta neno zuri tu.

Kisheria, kwa kweli, kikoa cha .com hakina mwenyewe. Kampuni ya kompyuta ya Symbolics, ya Massachusetts, ilisajili symbolics.com tarehe 15 Machi 1985, la kwanza kabisa, na kwa miaka kumi iliyofuata majina yalikuwa yakitolewa bure. Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Tangu hapo kila jina lina tarehe yake ya mwisho. Mtu anaweza kulipia miaka kumi kwa mkupuo. Zaidi ya hapo haruhusiwi, awe mkulima wa Mbeya au Google. Aliyejenga gazeti, chama au biashara juu ya kikoa yuko kama mpangaji wa fremu ya duka: akichelewesha kodi, anayeingia baada yake anarithi mlango ambao wateja wa jana bado wanaugonga, na barua za jana bado zinasukumwa chini yake.

Namna majina yanavyopotea haina fumbo. Chukua shule binafsi, kwaya, chama cha ushirika au gazeti dogo popote Afrika Mashariki. Aliyesajili ni kijana mmoja aliyekuwa anaijua kompyuta, kwa baruapepe yake na kadi yake ya benki, kwa msajili wa ng'ambo kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi. Miaka inapita. Kijana anapata kazi kwingine, kadi inaisha muda, anwani ile haifunguliwi tena. ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, tangu Agosti 2013 inamlazimu kila msajili kutuma taarifa mwezi mmoja hivi kabla ya muda kuisha, tena wiki moja hivi kabla, na nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Taarifa hizo hutumwa kweli. Zinamfikia kijana aliyekwisha kuondoka. Kibaya zaidi ni pale anwani ya kupokea taarifa ilipowekwa kwenye kikoa chenyewe, kwa hiyo jina likizimwa na sanduku la barua limezimika nalo. Kanuni inamtaka msajili akate huduma ya jina kwa siku kadhaa kabla ya kulifuta, kusudi mwenyewe ashtuke. Ofisi nyingi hushtuka hapo. Wanaanza kuulizana nenosiri liko kwa nani.

Kampuni kubwa nazo hulala. Krismasi ya mwaka 1999 watu wa Hotmail walishindwa kuingia kwenye barua zao kwa sababu Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililokuwa likihakiki nywila. Michael Chaney, mtaalamu wa programu wa Tennessee, alichunguza, akaona deni, akatoa kadi yake na kulipa dola 35. Huduma ikarudi. Wakati ule mtu yeyote angeweza kumlipia mwingine ankara ya jina bila jina kuwa lake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa: Chaney hakupata kikoa, alipata hundi ya shukrani ya dola 500 kutoka Microsoft. Miaka michache baadaye, mwaka 2003, kampuni hiyo hiyo ikaliachia hotmail.co.uk. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Dallas Cowboys, timu yenye pesa kuliko karibu zote za michezo Marekani: tovuti yake ilizimika kwa jina kutolipiwa, tena siku zile zile za Novemba walipomfukuza kocha na washabiki walipokuwa na hamu ya habari.

Sasa mgeukie mtu wa upande wa pili, yule anayelitaka. Pengine jina hilo ni lake mwenyewe lililomponyoka. Pengine ni neno fupi ambalo amelitamani kwa miaka huku likionyesha ukurasa mtupu. Jambo la kwanza analofanya ni kumtafuta mwenyewe ili wazungumze. Zamani ilikuwa kazi ya dakika moja, maana daftari la wazi lilionyesha jina, simu na anuani ya aliyesajili. Tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, wasajili wengi wamefunika maelezo hayo. Mtafutaji anakuta tarehe tu: limesajiliwa lini, linaisha lini, liko katika hali gani. Anaanza kuishi kwa tarehe hizo. Anafungua ukurasa asubuhi, anaufungua tena kabla ya kulala, na anajifunza hali za jina jinsi mgonjwa anavyojifunza majina ya dawa.

Akisubiri mpaka mwisho, siku ya kudondoka inafika. Verisign hufuta majina ya siku hiyo mchana wa Marekani, kuanzia saa nane hivi kwa saa za New York, ambayo Nairobi na Dar es Salaam ni saa tatu au saa nne usiku kutegemea majira ya huko. Orodha ya majina yatakayofutwa inajulikana siku kadhaa kabla. Yanafutwa moja baada ya jingine kwa muda wa saa moja hivi, na lenye thamani halikai wazi hata sekunde moja. Mtu aliyekaa na simu yake akibonyeza kitufe cha kutafuta hashindani na watu. Anashindana na mashine zinazotuma amri ya kusajili mara nyingi mfululizo moja kwa moja kwenye daftari kuu, bila kupitia ukurasa wowote wa tovuti.

Mashine hizo zina kikomo. Daftari kuu huruhusu kila msajili aliyeidhinishwa njia chache tu za kuingilia, ili mmoja asiwazibie wengine. Wafanyabiashara wakakipatia ufumbuzi ambao mtu anaweza kuustaajabia na kuuchukia kwa wakati mmoja: ikiwa kila msajili ana njia chache, jifanye wasajili wengi. Kampuni ya DropCatch, ya Denver, ilianza kuandikisha kampuni moja baada ya nyingine, na mwishoni mwa 2016 ikaongeza 500 kwa mara moja. ICANN hutoza kila msajili dola 4,000 kwa mwaka. Kampuni 500 ni dola milioni mbili kila mwaka, kwa ajili tu ya kupata nafasi zaidi za kubisha hodi katika saa moja ya mchana. Ukiitazama orodha ya wasajili walioidhinishwa na ICANN unakutana nazo zimejipanga kwa namba: DropCatch.com, kisha namba, kisha LLC, ukurasa baada ya ukurasa. Hazina ofisi za kupokea wageni. Hazina mteja anayezijua kwa majina yake. Ni vidole vya mkono mmoja.

Hivyo mtu wa kawaida anayelitaka jina hukodi mkono huo. Anaweka oda, kwa kawaida bila kulipa chochote mpaka jina lipatikane, na bei ya kuanzia DropCatch kwa miaka mingi imekuwa dola 59. Akiwa ameomba peke yake, analichukua kwa bei hiyo. Wakiwa wameomba wawili au zaidi, linapelekwa mnadani. Hapo ndipo anayetaka kurudisha jina la kwaya yake hugundua kuwa anapandishiana dau na mtu asiyejua kwaya hiyo ni nini, aliyeona tu kwamba magazeti mawili na chuo kikuu kimoja viliwahi kuweka kiungo cha kwenda pale. Mtu huyo halipendi jina. Anapiga hesabu ya viungo.

Hata mnada huo ni wa makombo. Majina mengi yenye thamani hayafiki siku ya kufutwa, kwa sababu mkataba ambao mteja huubofya bila kuusoma unampa msajili haki ya kulihamisha jina lililokwisha muda badala ya kulifuta. Kabla siku zile za mwanzo hazijaisha, msajili huliweka kwenye mnada wake mwenyewe au wa mshirika wake. Mwenyewe akizinduka na kulipa kwa wakati, mshindi hurudishiwa fedha zake na hakuna mtu anayemwomba radhi. Mwenyewe asipozinduka, jina linahama mkono kwa mkono, halikupita hata dakika moja likiwa la umma. Kuna mantiki ya biashara hapo, na wasajili hawaifichi: jina likifutwa wanabaki na sifuri, likiuzwa wanabaki na faida. Lakini mtu akikumbuka kwamba zile siku 30 za kukombolewa ziliwekwa ili kumlinda aliyesahau, anaona jinsi soko lilivyojifunza kufika kabla ya ulinzi wenyewe.

Herufi za nchi zina taratibu zake. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC jijini Nairobi, na kila nchi hujipangia siku za kusubiri na ada. Soko la kuyavizia ni dogo zaidi, kwa hiyo aliyepoteza jina la nyumbani mara nyingi ana nafasi nzuri kuliko aliyepoteza la .com.

Kwa mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa kuna mlango wa malalamiko uliofunguliwa mwaka 1999, na shauri husikilizwa, miongoni mwa vyombo vingine, na shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lililoko Geneva, WIPO. Mlalamikaji athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake, aliyelichukua hana haki nalo, na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya chini pale WIPO ni dola 1,500. Kampuni ya bia italipa. Chama cha wafugaji wa nyuki kitanunua jina jingine.

Swali la nini kinafuata baada ya jina kunyakuliwa ndilo linalopaswa kumtia mtu wasiwasi kuliko hadithi za mnada. The Hairpin ilikuwa tovuti ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2010, ya wanawake, yenye utani mkali na maandishi mazuri. Jia Tolentino na Jazmine Hughes waliandika humo kabla hawajawa majina makubwa kwenye magazeti makubwa. Ilifungwa mwaka 2018. Jina lilipoachwa, likaishia kwa mfanyabiashara wa Serbia, Nebojša Vujinović Vujo, aliyekwisha kukusanya majina mengi ya namna hiyo. Jarida la Wired lilieleza Januari 2024 kilichokuwa kinaendelea: tovuti imejazwa makala za akili mnemba, na baadhi ya maandishi ya zamani yamebakizwa lakini majina ya wanawake walioyaandika yamefutwa na kuwekwa ya wanaume wasiojulikana. Msomaji aliyefika kwa kiungo cha mwaka 2014 alikuta anuani ile ile na nyumba nyingine kabisa. Machi 2024 Google ikatangaza kwamba kununua kikoa kilichokwisha muda ili kupandisha maandishi ya ovyo kwenye matokeo ya utafutaji kutahesabiwa kuwa ni taka za mtandaoni (spam). Tangazo hilo lilikuja miaka mingi baada ya biashara yenyewe kuanza.

Mahakama nazo hazikusalimika. Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya sheria ya California juu ya kuwauzia watoto michezo ya video yenye ukatili, na Jaji Samuel Alito, katika maoni yake, aliweka tanbihi iliyoelekeza kwenye tovuti ya ssnat.com. Tovuti ikafa, jina likawa wazi, na mtu akalisajili. Hakuweka matangazo wala kirusi. Aliweka ujumbe mfupi wa kejeli kwa wasomaji wa sheria: kwamba wafurahi hawakuutaja ukurasa huu kwenye hukumu, kwani wangeutaja, kama alivyofanya Alito, yaliyomo yangekuwa yameyeyuka zamani na huenda mtu mwingine angekuja kusema atakacho. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, Jonathan Zittrain na wenzake wa Harvard waligundua kuwa nusu ya viungo vyote vilivyomo katika hukumu za mahakama hiyo havimfikishi tena msomaji kwenye kile alichokikusudia jaji. Mwenye ssnat.com alikuwa mstaarabu. Angeweza kuweka ushahidi wa uongo na ukakaa pale, umeshikwa mkono na hukumu ya mahakama ya juu kuliko zote nchini.

Lakini maandishi ni sehemu inayoonekana tu. Hatari kubwa iko kwenye barua. Anayechukua kikoa huchukua pia kila anwani iliyowahi kuishia na jina hilo. Anaweza kukamata kila barua inayotumwa kule bila kujua nani alikuwa nani. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama wa Australia, Gabor Szathmari, alifanya jaribio kwa kusajili upya majina yaliyoachwa na ofisi za mawakili, nyingi zikiwa zimeungana na nyingine au kubadili jina. Barua zikaanza kuingia zenyewe: nyaraka za wateja, ankara, taarifa za benki. Zaidi ya hapo, akaunti ambazo mawakili walizifungua kwa anwani hizo kwenye huduma mbalimbali bado zilikuwepo, na njia ya kuzifungua ni ile ambayo kila mtu ameitumia: kubofya palipoandikwa umesahau nenosiri, kisha kusubiri kiungo kwenye barua. Aliyevunja ofisi alifunga mlango wa mtaani na kurudisha funguo, ila hakuna aliyemwambia kwamba kikoa ndicho kilichokuwa kufuli la kila kitu.

Miaka minne baadaye jambo hilo likatumiwa kwa ubaya. Kwenye hazina ya programu za lugha ya Python iitwayo PyPI kulikuwa na kifurushi kidogo, ctx, ambacho mwenyewe hakukigusa tangu 2014 lakini watu walikuwa bado wanakipakua. Kikoa cha baruapepe yake kilikuwa kimeisha muda. Tarehe 14 Mei 2022 mtu akakisajili, akaomba kubadili nenosiri la akaunti, akapokea kiungo, akaingia, na kupakia toleo jipya la ctx lililokuwa likikusanya siri za kompyuta za wanaokitumia. Hakudukua chochote. Alilipa ada ya jina, mfumo ukamfungulia kwa heshima zote.

Mashine zinaamini kuliko watu. Agosti 2024 watafiti wa kampuni ya watchTowr, wakiwa Las Vegas kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama, walitoa dola 20 kusajili dotmobiregistry.net, jina la zamani la seva iliyokuwa ikijibu maswali kuhusu vikoa vya .mobi. Huduma yenyewe ilikwisha kuhamia anuani nyingine. Jina la zamani likaachwa. Katika siku chache mifumo zaidi ya 135,000 ikawa imewauliza wao, ikiwamo seva za barua za serikali na majeshi, na hata kampuni zinazotoa vyeti vya usalama vya tovuti. Hakuna mtu aliyeketi akaamua kuwaamini. Anuani ilikuwa imeandikwa ndani ya programu miaka iliyopita, na programu haisomi matangazo ya kuhama.

Ukiyatazama haya pamoja, lawama ya kawaida kwamba wavizia majina ni kupe haitoshi. Kuna kupe, ndiyo. Lakini Almroth, Szathmari na watu wa watchTowr walifanya kitendo kile kile, kwa kalenda ile ile na kwa ada ile ile; tofauti ilikuwa ndani ya vichwa vyao, na mfumo hauna njia ya kuiona. Daftari kuu linauliza swali moja tu, kama ada imelipwa. Kwa karibu miaka thelathini tumelitwika jina mizigo ambayo halikuundwa kuibeba: uthibitisho wa mtu, urithi wa gazeti, ushahidi wa hukumu, ramani ya nchi nzima. Halafu tukaiacha mizigo hiyo itegemee kadi ya benki ya mtu mmoja isiishe muda.

Baadhi ya waliounguzwa wameanza kuisoma kalenda wenyewe. Mwaka 2025 PyPI ilianza kukagua kila siku 30 vikoa vya baruapepe za watumiaji wake. Kikoa kikionekana kimeingia katika siku za kukombolewa, anwani iliyo juu yake inaondolewa uthibitisho, na haiwezi tena kutumika kubadili nenosiri. Kati ya Juni na Agosti mwaka huo zaidi ya anwani 1,800 ziliondolewa. Hali wanayoitazama ni ile ile inayotazamwa na mashine za Denver, ila wao huitazama ili kufunga. Na ushauri waliowapa wenye akaunti ni huu: kama anwani yako pekee iko kwenye kikoa chako mwenyewe, ongeza ya pili iliyo kwenye kikoa cha kampuni kubwa, mathalani Gmail. Wengi wa watu hao walinunua majina yao hasa ili wasiwe chini ya Gmail.